Homa ya Uti wa Mgongo ya Virusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa na Ndugu Wanaouguza Mkoani Mwanza

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa na ndugu zao wanaofika hospitali za Mwanza kutoka Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe na visiwani, ambao wameambiwa kwamba mgonjwa wao huenda ana homa ya uti wa mgongo na kwamba anahitaji kutolewa maji ya mgongoni. Maswali yanafuata mwendo wa ugonjwa wenyewe, tangu homa inapoanza nyumbani hadi mgonjwa anaporudi kazini au shuleni. Suala la sindano ya mgongo limepewa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi husita na muda wa thamani hupotea.

Homa ya uti wa mgongo ya virusi ni ugonjwa gani hasa?

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando wa tabaka tatu, na kati ya tabaka mbili za ndani hupita maji maang'avu yanayoukinga ubongo usigongwe na mifupa. Utando huo ukishambuliwa na vijidudu huvimba, na uvimbe huo ndio unaoleta maumivu makali ya kichwa, homa na shingo kukakamaa. Vijidudu vyenyewe vinaweza kuwa bakteria wa kawaida, bakteria wa kifua kikuu, fangasi au virusi, na dalili za siku ya kwanza hufanana kiasi kwamba hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kumtazama mgonjwa tu.

Hatima, hata hivyo, hazifanani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mmoja hufariki, na kwamba mmoja kati ya 5 hupata madhara makubwa, kama vile uziwi au kifafa. Ile ya virusi, kwa mtu mwenye kinga nzuri ya mwili, mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa sababu hiyo, kuambiwa kwamba ugonjwa wako ni wa virusi ni habari njema, lakini ni habari ambayo daktari huifikia mwishoni, baada ya kuyaondoa yale mengine moja baada ya jingine.

Ni virusi gani vinavyoleta ugonjwa huu, na huambukizwaje?

Vinavyoongoza duniani ni vile vya kundi la enterovirusi, ambavyo huishi katika utumbo na koo na husambaa kwa kinyesi, mate na makamasi. Mtoto aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa virusi hivyo katika haja kubwa kwa wiki kadhaa baada ya kupona, na ndiyo maana kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumbadilisha nepi kunasaidia kuliko kumtenga. Wengi wa wanaoambukizwa hupata mafua au homa ndogo tu, au hawapati dalili yoyote. Ni wachache ambao virusi hufika kwenye utando wa ubongo.

Wapo pia virusi vya malengelenge, hasa aina ya pili inayoshambulia sehemu za siri, virusi vya tetekuwanga ambavyo baadaye hurudi kama mkanda wa jeshi, virusi vya matubwitubwi, virusi vya surua, na VVU vyenyewe katika wiki za kwanza za maambukizi. Orodha hii si ya kukariri. Inamsaidia daktari kuuliza maswali sahihi, na mgonjwa asishangae akiulizwa kuhusu vipele, uvimbe wa mashavu, vidonda vya zamani sehemu za siri au mwenzi mpya.

Je, maji ya ziwa au dagaa vinaweza kuleta ugonjwa huu?

Dagaa na sangara walioiva hawaleti. Maji ya ziwa yasiyochemshwa wala kutiwa dawa yanaweza kubeba enterovirusi pale yanapochanganyika na kinyesi cha binadamu, jambo ambalo si geni katika mialo na kambi za wavuvi zenye vyoo vichache. Kichocho, ambacho wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria wanakijua vizuri, ni ugonjwa tofauti kabisa na huingia kwa kupenya ngozi.

Dalili zipi zinapaswa kunipeleka hospitali siku hiyohiyo?

Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, dalili kuu ni homa, maumivu makali ya kichwa, kutapika, shingo kukakamaa na kushindwa kuvumilia mwanga. Mvuvi wa dagaa aliyezoea kukesha karibu na taa kali ataeleza vizuri hali hii: usiku mmoja taa ileile ya kazi inamchoma macho, anaipa kisogo na kujifunika shuka kichwani. Shingo laini haitoshi kumwondolea mtu shaka. Vipimo vya mikono ambavyo madaktari hufanya kitandani, kama vile kunyoosha goti au kukunja shingo, hukosa wagonjwa wengi, na kwa hiyo daktari makini haridhiki navyo peke yake.

Mtoto mchanga hana namna ya kusema kwamba kichwa kinamuuma. Huacha kunyonya, hulia kwa sauti kali isiyotulia hata akibebwa, au kinyume chake hulegea na kulala kupita kiasi. Utosi wake unaweza kutuna, na mwili unaweza kuwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida. Kwa mtoto wa umri huo hakuna kungoja hadi kesho.

Kuchanganyikiwa, kubadilika tabia ghafla, degedege, kupoteza fahamu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili huashiria kwamba ugonjwa umepita utando na kuingia kwenye ubongo wenyewe. Hapo haraka huongezeka maradufu.

Mtoto amepata degedege nyumbani. Nifanye nini kabla ya kuondoka?

Mlaze kwa ubavu mahali asipoweza kuanguka, legeza nguo zake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimnyweshe chochote hadi azinduke. Kumfukiza moshi au kumpeleka kwanza kwa mtu wa kuondoa mashetani kunakula saa ambazo hazirudi. Degedege nyingi za watoto hutokana na homa ya kawaida au malaria na hupita, lakini hakuna mzazi anayeweza kujua akiwa nyumbani kama hii ni mojawapo ya hizo.

Kipimo cha malaria kimeonyesha kwamba mgonjwa ana vimelea. Kwa nini daktari bado anataka maji ya mgongoni?

Swali hili huulizwa sana huku kwetu, na ni swali la haki. Katika eneo lenye malaria nyingi kama pwani ya ziwa, mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu bila vimelea hivyo kuwa ndio chanzo cha kichwa kinachomuuma leo. Mtoto aliyewahi kuugua mara nyingi anaweza kutembea na vimelea vichache na kucheza kama kawaida. Zaidi ya hayo, kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa ya mseto, kwa sababu kinapima protini ya kimelea ambayo hukawia kuondoka katika damu.

Kwa hiyo kipimo chanya kinamthibitishia daktari kwamba malaria inahitaji kutibiwa, wala hakimthibitishii kwamba hakuna kitu kingine. Mgonjwa mwenye malaria na shingo ngumu, au mwenye malaria na fahamu zilizopungua, anatibiwa malaria na anachunguzwa homa ya uti wa mgongo kwa wakati mmoja. Binafsi naona ni afadhali familia ilalamike kwamba vipimo vimekuwa vingi kuliko kuja kulalamika baadaye kwamba kulikuwa na bakteria waliosubirishwa siku tatu nyuma ya karatasi iliyoandikwa malaria.

Zahanati yetu haina uwezo wa kutoa maji ya mgongoni. Wanapaswa kufanya nini kabla ya kutupa rufaa?

Mgonjwa mwenye dalili za hatari hapaswi kuanza safari mikono mitupu. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya humpa dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano, humpa sindano ya atesuneti iwapo malaria kali inashukiwa, hupima sukari ya damu na kuipandisha ikiwa imeshuka, na hutuliza degedege kwa dawa. Kisha huandika kwenye barua ya rufaa dawa iliyotolewa, kiasi chake na saa yake. Barua hiyo ishikwe na mtu atakayekaa karibu na mgonjwa, isiwekwe ndani ya begi linalopakiwa nyuma ya gari.

Kwa wanaotoka Sengerema na Buchosa, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa adha ya kusubiri kivuko pale. Kwa wanaotoka Ukerewe na Ukara, safari bado ni ya maji na ratiba za vyombo zina mipaka yake, na hiyo ni sababu ya ziada ya kutosubiri hadi jioni kuona kama homa itashuka. Njia ya kawaida ya rufaa hupitia hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na kwa wanaohitaji ubingwa zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando.

Maji ya mgongoni yanatolewaje?

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu pembezoni mwa kitanda, magoti yakiwa yamevutwa kuelekea tumboni na kidevu kikiwa kimeinamishwa kifuani, au huketishwa akiwa ameinamia mto. Mkao huo hupanua nafasi kati ya pingili za mgongo. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga pande zote mbili, kwa sababu mstari unaounganisha ncha hizo hupita karibu na pingili ya nne ya kiunoni, na hapo ndipo anapopata alama yake. Ngozi husafishwa kwa dawa, huchomwa ganzi, kisha sindano nyembamba huingizwa taratibu hadi maji yaanze kudondoka yenyewe, tone kwa tone, ndani ya vichupa vilivyoandikwa namba.

Hakuna kuvuta kwa nguvu. Kiasi kinachochukuliwa kwa kawaida ni mililita chache tu. Mwili wa mtu mzima una takriban mililita 150 za maji haya kwa wakati wowote, na hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, maana yake ni kwamba kilichotolewa hurudishwa ndani ya muda mfupi. Kipimo chenyewe si kigeni wala cha majaribio; kilianza kutumiwa na daktari Heinrich Quincke nchini Ujerumani mwaka 1891.

Je, ni kweli kwamba sindano ya mgongo inapoozesha au inaua?

Hofu hii ina chimbuko linaloeleweka. Zamani na hata sasa, wagonjwa wengi huchomwa sindano hiyo wakiwa tayari wamechelewa na wana hali mbaya sana. Baadhi yao hufariki usiku uleule, na jirani anayesimulia baadaye hukumbuka sindano, hakumbuki siku tano za homa zilizotangulia. Simulizi hiyo husafiri kutoka wodini hadi mwaloni Kirumba na kurudi kijijini, na mgonjwa anayefuata hukataa kipimo, akachelewa zaidi, na simulizi ikapata ushahidi mpya.

Ukweli wa kimaumbile ni huu. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Sindano huchomwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, mahali ambapo ndani ya maji hayo kuna nyuzi za neva zinazoelea na kusogea pembeni. Kwa mtoto mchanga uti hushuka kidogo zaidi, na ndiyo maana daktari wa watoto huchagua nafasi ya chini. Bibi mmoja akiuliza, "Mganga, mkimchoma mjukuu wangu huko nyuma atatembea tena?", jibu la nesi anayejua kazi yake ni fupi: "Atatembea, mayu. Uti wenyewe umeishia huku juu, sisi tunachukua maji huku chini." Na huweka kidole mahali penyewe, ili bibi aone.

Yapo madhara ambayo ni ya kweli na mgonjwa ana haki ya kuyajua. Maumivu ya kiuno mahali palipochomwa ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Baadhi hupata maumivu ya kichwa yanayozidi wakisimama na kupungua wakilala, ambayo kwa wengi huisha ndani ya siku chache kwa kupumzika, kunywa maji na kutumia parasetamoli. Kuvuja damu au kuingiza vijidudu hutokea kwa nadra. Na kuna wagonjwa ambao daktari mwenyewe ataahirisha kuwachoma: wenye dalili za mgandamizo mkubwa ndani ya kichwa au udhaifu wa upande mmoja, ambao huhitaji kwanza picha ya kichwa ya CT, wenye tatizo la damu kutoganda, wenye kidonda au jipu mahali pa kuchoma, na wale ambao upumuaji au mzunguko wao wa damu haujatulia. Kwa hao matibabu huanza mara moja na maji huchukuliwa baadaye hali ikiruhusu.

Jambo moja la kuandaa mapema: mama hufika na mtoto, huelezwa kipimo, na husema kwamba ni lazima ampigie kwanza baba wa mtoto, ambaye yuko ziwani na simu yake haipatikani hadi alfajiri. Familia inayojua kwamba mgonjwa anapelekwa kwa ajili ya homa hii inafaa kukubaliana kabla ya kuondoka nyumbani ni nani atakayetoa ridhaa.

Maabara inaangalia nini katika maji hayo?

Kazi huanza kwa macho. Maji ya mtu mzima wa afya ni maang'avu kabisa; ya mgonjwa wa bakteria mara nyingi huwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele; ya mgonjwa wa virusi kwa kawaida hubaki maang'avu. Baada ya hapo mtaalamu wa maabara huhesabu chembe nyeupe chini ya hadubini. Kwa kawaida huwa hazizidi 5 katika kila maikrolita. Virusi huzipandisha hadi makumi au mamia, na nyingi huwa za aina ya limfosaiti. Bakteria huzipandisha mara nyingi kupita 1,000, na nyingi huwa nyutrofili. Protini huongezeka kidogo tu katika virusi, na sana katika bakteria na kifua kikuu.

Sukari ndiyo yenye kusema mengi. Sukari ya maji ya mgongoni hukaribia theluthi mbili ya ile ya damu, na bakteria, kifua kikuu na fangasi huishusha, ilhali virusi kwa kawaida huiacha ilivyo. Ili kulinganisha, mgonjwa huchomwa kidole na kupimwa sukari ya damu karibu na wakati maji yanapochukuliwa. Ukiona wanamchoma tena kidole baada ya kumaliza mgongo, usidhani wamesahau. Bila namba hiyo ya pili, ile ya kwanza haina maana.

Maji hayo hayapaswi kukaa dirishani kungoja zamu ya jioni, kwa sababu ndani ya saa moja au mbili chembe huanza kuharibika na hesabu hudanganya. Ndugu aliyepewa kichupa akipeleke maabara moja kwa moja.

Namba hizi zina mitego yake. Siku ya kwanza ya ugonjwa wa virusi, nyutrofili zinaweza kutangulia na kumfanya mtu adhani ni bakteria. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa bakteria aliyekwisha kumeza antibayotiki kutoka duka la dawa anaweza kutoa maji yanayofanana na ya virusi, na vijidudu visiote maabara. Kwa hiyo sema ukweli wote kuhusu kilichomezwa nyumbani, hata kama ni vidonge viwili vya amoksilini vya jirani. Daktari anauliza hivyo ili asome majibu sawasawa, hakuna atakayekugombeza.

Kwa nini mgonjwa anapimwa pia VVU, kifua kikuu na fangasi?

Kwa sababu magonjwa haya matatu yanaweza kujificha nyuma ya maji maang'avu. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kutokana na VVU, fangasi aitwaye kriptokokasi huleta maumivu ya kichwa yanayozidi polepole kwa wiki kadhaa, na chembe nyeupe zinaweza kuwa chache sana kiasi cha kudhaniwa kwamba hana tatizo. Kipimo cha kriptokokasi hutumia damu au maji ya mgongoni na hutoa jibu kwa haraka. Wagonjwa hao mara nyingi huwa na mgandamizo mkubwa kichwani, na kutolewa maji mara kwa mara huwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Wengine huomba wenyewe kutolewa tena baada ya kuona kichwa kimepoa.

Kifua kikuu cha utando wa ubongo nacho huanza kwa upole, na kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, kikitoka hasi hakiondoi kabisa shaka ya ugonjwa huo. Maumivu ya kichwa yaliyovuka wiki moja yakiambatana na kupungua uzito au sukari ya chini katika maji hayapaswi kuitwa ya virusi. Kuhusu VVU, aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kupata homa ya uti wa mgongo wakati kipimo cha kawaida bado kinaonyesha hasi, hivyo kurudia baada ya wiki kadhaa si dharau kwa mtu yeyote.

Mbona hatujaambiwa jina la kirusi?

Kumtambua kirusi mwenyewe huhitaji kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vyake katika maji ya mgongoni. Mahali kipimo hicho kinapopatikana, husaidia kufupisha siku za kulazwa na kuacha antibayotiki mapema. Pasipokuwapo, daktari huunganisha umri, mwendo wa dalili, hesabu za maabara na kuotesha vijidudu, na hitimisho lake linaweza kuwa sahihi bila jina. Kwa virusi vingi tiba haibadiliki hata jina likijulikana.

Kwa nini alichomwa antibayotiki kali, kisha zikaachishwa ghafla?

Kwa sababu bakteria hawasubiri majibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 unasisitiza kuchukua maji ya mgongoni mapema iwezekanavyo na kuanza antibayotiki bila kuchelewa pale ugonjwa unaposhukiwa. Inayotumika zaidi ni seftriaksoni ya mshipa. Ikiwa hesabu za maji zinaelekea kwenye virusi na vijidudu havijaota baada ya saa 48 hadi 72, na mgonjwa anaendelea vizuri, antibayotiki huachishwa. Haziui virusi, na kuziendeleza ni kumwongezea mgonjwa siku za kitanda, madhara na gharama. Ndugu wengine hufadhaika na kudhani kwamba hospitali imeishiwa dawa. Muulize daktari, naye atakuonyesha majibu. Dozi iliyokatishwa kwa uamuzi wa daktari ni tofauti na ile inayokatishwa nyumbani kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

Tiba yenyewe ya virusi ni ipi?

Kwa enterovirusi na vingi vya jamaa zake hakuna dawa ya kuviua. Mgonjwa hutunzwa mwili wake ukifanya kazi: chumba chenye mwanga hafifu, parasetamoli kwa homa na maumivu, dawa ya kuzuia kutapika, na dripu kwa asiyeweza kunywa. Mtoto hupewa parasetamoli kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na hapaswi kupewa zaidi ya dozi 4 kwa siku. Aspirini isitumike kwa watoto, kwa kuwa pamoja na maambukizi ya virusi inaweza kuharibu ini na ubongo. Diklofenaki ya sindano, ambayo watu wengi huiomba kwa sababu inatuliza haraka, haifai kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji, kwani huumiza figo.

Asaiklovia hutolewa lini?

Dawa hii huua virusi vya malengelenge na vya tetekuwanga. Umuhimu wake mkubwa ni pale ambapo ubongo wenyewe umeshambuliwa, yaani mgonjwa amechanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, amebadilika tabia au anapata degedege. Ugonjwa wa ubongo unaotokana na virusi vya malengelenge, usipotibiwa, huua takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Kwa hiyo daktari huanza asaiklovia akishuku tu, bila kungoja uthibitisho. Mtu mzima hupewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, katika mshipa, kila baada ya saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Watoto wachanga hupewa dozi kubwa zaidi. Dripu ya maji huambatana nayo kwa sababu dawa inaweza kuganda ndani ya figo. Vidonge havitoshi kwa ugonjwa wa ubongo, hata kama jina kwenye pakiti ni lilelile.

Kwa mgonjwa mwenye fahamu timamu ambaye virusi vya malengelenge vimeishia kwenye utando tu, wengi hupona hata bila dawa, na uamuzi hubaki kwa daktari. Kuna wachache ambao homa hiyo huwarudia mara kwa mara kwa miaka.

Je, sisi tuliomuuguza tunahitaji dawa ya kinga?

Ikiwa ni ya virusi, hapana. Sabuni na maji vinatosha. Ikiwa maabara itamwona bakteria aitwaye meningokokasi, wanaoishi nyumba moja na mgonjwa hupewa dozi ya kinga, mara nyingi siprofloksasini mara moja tu, na hospitali huwatafuta yenyewe.

Kuna chanjo?

Hakuna chanjo ya enterovirusi nyingi zinazoleta ugonjwa huu. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18, huzuia madhara ya surua kwenye ubongo, na chanjo za pentavalenti na ya nyumokokasi, zinazotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huzuia baadhi ya bakteria wakubwa. Chanjo ya matubwitubwi haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa.

Baada ya kuruhusiwa, kitu gani kinirudishe wodini?

Homa iliyorudi baada ya kukata, kichwa kinachozidi badala ya kupungua, kutapika upya, degedege, usingizi usio wa kawaida, au kuona na kusikia kulikobadilika. Vilevile mtu yeyote aliyeambiwa ana ugonjwa wa virusi na ambaye baada ya siku 10 bado hajapata nafuu arudi, kwa sababu utambuzi wa mwanzo unahitaji kuangaliwa upya, hasa kwa kifua kikuu na kriptokokasi.

Atarudi lini shuleni au ziwani?

Mtoto hurudi shuleni homa ikiwa imekwisha na akiwa anakula na kucheza. Uchovu, kusahau vitu vidogo na kichwa kuuma jioni vinaweza kubaki kwa wiki kadhaa, na mwalimu aelezwe asije akadhani ni uvivu. Anayevua usiku angoje hadi aweze kukaa na taa bila macho kumuuma na kusimama ndani ya mtumbwi bila kizunguzungu. Aliyepata degedege wakati wa ugonjwa asiingie ziwani, asipande pikipiki na asiogelee hadi daktari amruhusu.